Mkono Mwepesi wa Mafuta

Fowsia anauza maziwa Naro Moru. Kila asubuhi huyachukua kwa wakulima na kuyapeleka mjini kwa pikipiki. Baridi ya asubuhi za huko haina adabu. Basi mama yake, Ambaro, alikata blanketi kuukuu akamshonea mifuko ya mikono. Fowsia aliifunga kwa kamba kwenye usukani, akaikaza sana ili upepo usipenye. Akiwa njiani, aliingiza mikono humo na kumwombea mama yake heri.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilikuwa na mkono wa mafuta mgumu pale kwenye usukani, wa kunyongwa kwa nguvu ndipo iondoke. Hii mpya ilikuwa nyepesi mno. Ukiigusa tu, imeruka.

Ambaro alikuwa na kidonda mguuni. Muuguzi alimwambia asikose kwenda kukisafisha, kisije kikaoza. Fowsia ndiye aliyempeleka kliniki. Siku moja walipita kwenye tuta. Pikipiki ikanguruma, ikaruka mbele, ikaacha njia na kusimama ndani ya shamba la viazi. Hawakuumia, lakini Ambaro alishuka papo hapo.

"Mimi sipandi tena," alisema. "Heri nitembee."

Alitembea kweli, akichechemea, naye Fowsia akimfuata nyuma akisukuma pikipiki kwa aibu. Safari iliyofuata, Ambaro hakwenda kabisa. Mguu ulianza kuvimba. Fowsia aliuona, na hofu ikamshika.

Jirani yao Gathogo hufundisha waendesha bodaboda wapya. Ni mtu wa maneno mengi, na anajua kwamba anajua. Fowsia alimwendea, akamweleza yote. Alisema labda aiuze hiyo pikipiki, maana ina wazimu.

Gathogo hakuwasha injini. Alinyonga mkono wa mafuta, kisha akauachilia. Ulirudi polepole, ukakwama katikati. Alifungua kamba na kuvua mfuko wa blanketi. Akanyonga tena, akaachilia. Safari hii ulirudi wenyewe, upesi.

"Mama Jannat, pikipiki haina wazimu," alisema, akimwita Fowsia kwa jina la mtoto wake. "Ni hii nguo inashikilia mafuta. Kila asubuhi, kabla uwashe, nyonga hivi halafu uachilie. Isiporudi yenyewe, usiende mahali."

Fowsia aliutazama ule mfuko. Roho ilimuuma. Angemwambiaje mama yake kwamba zawadi yake nusura iwaangushe?

Gathogo alikuwa bado ana la kusema. Alimwambia apande, ashike kama kawaida. Fowsia alishika kwa kiganja chote, kifundo cha mkono kikiwa juu. Alikuwa amezoea hivyo kwenye ile ngumu. Gathogo alicheka kidogo. Alimweleza kwamba akikaa hivyo, tuta likimrusha nyuma, mkono wake utavuta na kuongeza mafuta bila yeye kutaka. Alimfundisha kusogea karibu na tangi na kulibana kwa magoti, ili asining'inie kwenye usukani. Alimwonyesha kulegeza viwiko, kushika kwa wepesi, na kushusha kifundo kikae sawa na mkono.

"Na ikiruka?" Fowsia aliuliza.

"Vuta klachi kwanza. Hata injini ikipiga kelele, gurudumu haina nguvu tena. Halafu funga mafuta, ushike breki polepole."

Walikwenda kwenye uwanja mtupu. Fowsia aliweka mafuta kidogo, akaachia klachi taratibu, akaondoka. Mara za kwanza pikipiki ilishtuka, naye akavuta klachi. Alirudia na kurudia, mpaka mkono ukazoea.

Jioni alimwambia mama yake ukweli wote. Ambaro akaomba makasi na nyuzi. Aliifumua ile mifuko, akaishona upya, mipana kiasi cha mkono kucheza ndani. Gathogo aliifunga mbali na mkono wa mafuta, akaujaribu tena na tena hadi akaridhika.

Asubuhi Ambaro alipanda huku akisoma dua. Alimkaba Fowsia kiunoni kama anayezama. Pikipiki iliondoka polepole. Walipovuka tuta, haikuruka. Mikono ya Ambaro ililegea kidogo kidogo, na baadaye akaanza kusalimia watu njiani. Kliniki, muuguzi alimkemea kwa kukosa siku ile, akasafisha kidonda, akasema bado wamewahi. Fowsia alimshukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka.

Kidonda kilipona. Siku moja Fowsia alimkuta mama yake mlangoni, amevaa helmeti na kubeba chupa ya chai ya maziwa.

"Unaenda wapi, mama? Mguu si umepona?"

"Kwa Gathogo," Ambaro alisema. "Mtu aliyemfundisha mtoto wangu kurudi nyumbani mzima, siwezi kumtumia salamu tu. Washa."