Glasi ya Kumi na Tano

Karani wa Kamati ya Ulinzi alipanga glasi kumi na nne: za wabunge kumi na wawili, Mwenyekiti akiwemo, ya Jenerali, na yake mwenyewe. Mlango ulipofungwa akazihesabu tena, kama kanuni ya kikao cha siri inavyotaka. Zilikuwa kumi na tano. Ile ya ziada, mbele ya kiti kitupu, ilikuwa imeshanywewa, na chini yake yalibaki majivu.

Fomu haikubali hesabu isiyolingana. Akaandika haraka: "Shahidi, mmoja."

Jenerali alikuwa akieleza habari za nyumba iliyochomwa na askari wake. "Haikuwa na mtu," alisema.

"Nilikuwemo," kikajibu kiti kitupu.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Wabunge wote wakainamia makaratasi yao.

"Hatujasikia kitu," alisema Mwenyekiti, mama mwenye sauti laini. "Kikao kimefungwa."

Lakini shahidi aliyeandikwa haachiwi mpaka Mwenyekiti amruhusu. Jioni ile alimfuata karani nyumbani.

"Mgeni wako anaomba maji tena," mkewe alinong'ona jikoni. "Ndoo ya tatu hii. Kwani huko bungeni mnawanyima?"

"Usimpe."

"Nisipompa, mume wangu, ananywa kwangu." Akamwonyesha mkono. Ngozi ilikuwa imekauka kama ganda la kitunguu.

Asubuhi karani alipiga magoti ofisini kwa Mwenyekiti. "Mheshimiwa, sema neno moja tu: ruksa. Mke wangu anakwisha."

"Nikimruhusu, nimekiri kwamba alikuwepo."

"Basi niufute ule mstari?"

"Sahihi yangu iko chini yake. Pole, mwanangu. Nenda kampe mkeo maji."

Alikimbia, na harufu ile ikampokea getini, ikapanda naye ngazi, ikamtangulia mlangoni, na humo ndani ndoo zote zilikuwa tupu na bomba likikoroma bila tone, na mkewe ameketi wima mezani, vidole vimeshika glasi, na alipomnyanyua alikuwa mwepesi kama gazeti, na kinywani mwake mlijaa majivu.

Wiki mbili baada ya maziko kamati ilikaa tena. Jenerali alikuwa na nyumba nyingine ya kueleza. Karani akahesabu glasi: kumi na tano. Kwenye ukingo wa ile ya ziada palikuwa na alama ya rangi ya mdomo aliyoijua.

"Mume wangu," kikanong'ona kiti kitupu, "nina kiu."

"Hesabu inalingana?" aliuliza Mwenyekiti.

Karani akaandika: "Waliohudhuria, kumi na wanne."

"Inalingana, Mheshimiwa."