Dawa ya Mbu Kwenye Chumba cha Matumbawe

Kila alasiri, baada ya masomo, Chiriku alipitia kazini kwa mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Alikuza vipande vya matumbawe kwenye matangi, kisha akavipandikiza kwenye miamba iliyokufa kwa joto la maji.

Chumba cha matangi kilikuwa na sharti moja: usipulize kitu chochote humo, hata manukato. Lakini Ijumaa moja mbu walimng'ata Chiriku mpaka uvumilivu ukamwisha. Akachukua kopo la dawa ya mbu stoo, akapuliza, akalirudisha kimyakimya. Pampu za hewa zikaivuta ile dawa zikaisukuma majini.

Kesho yake matumbawe ya tangi la kwanza yalikuwa yakimenyuka kama rangi ya ukuta uliolowa. Mama aliyatazama, uso ukamshuka.

"Huu ni ugonjwa," alimwambia mpiga mbizi wao. "Ukifika baharini tumekwisha. Tia klorini matangi yote, iue kila kilichomo."

"Yote, daktari? Hata haya ambayo bado mazima?"

"Yote. Sina la kufanya."

Chiriku alijibanza mlangoni, ulimi mzito. Alijidanganya kwamba labda kweli ni ugonjwa. Mpiga mbizi akamimina klorini kwenye tangi la kwanza, kisha la pili. Aliposogelea la tatu, Chiriku akaangua kilio.

"Mama, mwambie aache. Ni mimi. Jana nilipuliza dawa ya mbu humu."

Mama hakumgombeza. Alikamata mpira wa maji, wakabadilisha maji ya matangi yaliyobaki mpaka mikono ikafa ganzi. Hayo yakapona. Lakini matumbawe ya tangi la pili yalitoka kwenye mwamba ambao baharini haupo tena, na mbegu yake haikuwepo kwingine kokote.

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema.

Mama aliketi naye kwenye sakafu iliyolowa. "Kwa dawa nimekusamehe, mwanangu. Hukujua itafika wapi. Ila tangi la pili halikuuawa na dawa ya mbu. Limeuawa na ule muda ambao wewe ulisimama mlangoni umenyamaza. Ukikosea sema papo hapo, maana wenzako wanaamua kwa kile wanachokijua."

"Yataota tena?"

"Hapana," alisema mama. Alimpa ndoo, wakaanza kuyatoa pamoja, kipande baada ya kipande.