Sifuri Kumi na Mbili

Kila asubuhi kabla ya kengele, Anagha alimaliza puttu yake ya unga wa mchele haraka haraka, akakimbilia shuleni na kufungua kabati la chumba cha sayansi. Ufunguo alikabidhiwa na Mwalimu Ramlath, na darasa la saba zima la shule yetu ya Vattiyoorkavu lilimwonea wivu. Ndani ya kabati mlikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama mkebe wa chakula, kilichowahi kufanya kazi katika maabara ya roketi.

Kisanduku hicho kiliitwa jairo, kifaa kinachoiambia roketi imegeuka kiasi gani. Mwenyewe alikuwa Bibi Thankamani, fundi aliyepima majairo kwa miaka thelathini hadi yeye na kisanduku hiki wakastaafu. Aliwaazima wanafunzi wakionyeshe Jumamosi kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya. Alichora mshale wa chaki juu ya meza ya mawe, ukielekea kaskazini, akawaambia wakilaze juu ya mshale huo, wasikitikise, na mara tatu kwa siku waandike kinasema kinageuka kiasi gani.

Jumatatu, Anagha alipokuwa akikitoa, kona yake iligonga mlango wa kabati. Hakuna aliyeona. Alikilaza, akakiwasha, akasubiri kisome sifuri, maana kitu kilichotulia kitageukaje? Kioo kikaonyesha nyuzi 14.8 kwa saa. Akazima, akawasha tena. Kikasoma 14.9.

"Kisanduku chako kina kizunguzungu," alimcheka Jibin, mwenzake katika kikundi. "Jana kilikula nini?"

"Acha zako! Bado kinapata moto."

Lakini alikumbuka ile kona iliyogonga. Nimekivunja, aliwaza. Bibi akijua atakichukua, na maonyesho yatatupita hivi hivi. Jibin alipotoka, Anagha aliandika 0. Mchana akaandika 0, jioni 0. Kufikia Alhamisi daftari lilikuwa na sifuri kumi na mbili, za duara, zimepangana vizuri.

Jioni hiyo Bibi Thankamani alikuja na mwavuli wake na mfuko wa ndizi za kukaanga. Aliwapa Anagha na Jibin moja moja, akafungua daftari, akaacha kutafuna.

"Nani kaandika hizi?"

"Mimi, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

"Basi, mwanangu, ama jairo langu limekufa, ama umenidanganya. Likilala kwenye mshale ule, sifuri haitoki hata ukiiomba."

Machozi yakamlenga Anagha. "Nililigonga, Bibi. Tangu hapo linasema linageuka, na wala haligeuki. Nikaogopa."

Bibi alililaza jairo juu ya mshale. Aliliwasha, wakasubiri wote watatu. Kioo kikaonyesha 14.8. Bibi akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Hili ni zima kuliko mimi! Nani kakwambia haligeuki? Meza iko juu ya nini?"

"Sakafu."

"Na sakafu?"

"Juu ya ardhi."

"Na dunia inafanya nini?"

"Inazunguka." Anagha akaanza kuhesabu. Mzunguko mmoja ni nyuzi mia tatu na sitini. Saa ni ishirini na nne. Akagawanya kwa vidole, akarudia, asiamini. "Kumi na tano! Bibi, linaihisi dunia!"

Jibin alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hiyo kasoro ndogo ni kwa kuwa hatuko kwenye ikweta yenyewe," Bibi alisema. "Sasa ligeuze, litazame mashariki."

Namba ikashuka karibu na sifuri. Walipoligeuzia kusini, ikarudi 14.8, ila sasa ikiwa hasi.

"Ndivyo roketi inavyoijua kaskazini kabla haijaruka," alisema Bibi. "Haichungulii dirishani. Inasikiliza dunia."

Ijumaa kutwa Anagha na Jibin walipima upya, pande zote nne, mara mbili mbili. Jumamosi, kwenye maonyesho, mwamuzi mmoja alihesabu vipimo vyao.

"Vinane tu? Na kifaa mlikuwa nacho wiki nzima?"

Jibin alimkanyaga Anagha mguu. Anagha aliona aibu kiasi cha kutaka kukimbia, lakini alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Kumi na viwili vya mwanzo nilivitunga, bwana. Sikuelewa namba niliyoiona, nikaandika niliyoipenda."

Mwamuzi alizitazama zile sifuri kwa muda mrefu. Kisha akaomba ageuze kisanduku mwenyewe, akakaa nacho hadi wenzake wakaja kumwita. Anagha na Jibin walishika nafasi ya pili.

"Ungesema umeme ulikatika," Jibin alinung'unika nje, "saa hizi tungekuwa wa kwanza."

"Jibin," alisema Bibi Thankamani, aliyekuja kuwatazama, "roketi ikishapaa haina wa kumuuliza njia. Inaliamini jairo, na sisi tunaliamini jairo kwa sababu ya daftari la aliyelipima. Akitokea mtu akaandika namba ya kupendeza, roketi itaifuata hiyo hiyo mpaka baharini. Leo mwenzako amesema ukweli mbele ya watu, na huyo ningemwajiri." Akamgeukia Anagha. "Nawe, usichokielewa kiandike kilivyo, halafu uliza. Ungeniuliza Jumatatu, ungekuwa umeihisi dunia siku tatu mapema."