Ukuta Uliobomoka wa Karakana ya Reli

Kila asubuhi msichana mmoja wa darasa la sita alivuka daraja la waenda kwa miguu akienda shule. Chini yake zilitandazwa njia za reli, nyingine ziking'aa, nyingine zimeota nyasi. Wenzake walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyopenda kuongea. Hata shangazi yake aliyekuwa akimlea alizoea kumwambia, "Kunywa chai kwanza, maneno hayapoi."

Muhula huo mwalimu wa historia aliwagawia wanafunzi kazi ya kuchunguza habari za karakana ya reli ya mji wao. "Waulizeni waliofanya kazi pale," alisema. "Kama wenyewe hawapo, wapo watoto wao." Chiriku alipewa banda kuukuu ambalo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umebomoka.

Kuuliza kulimchosha kabla hajaanza. Mzee wa kwanza alimwambia arudi kesho, naye hakurudi. Alishika kamba yake akaenda kuruka na wenzake, leo hivi, kesho hivi, mpaka siku ya kutoa taarifa ikamkuta mikono mitupu.

Mvulana mmoja alieleza kwamba pale palikuwa kinamasi cha matete kabla ya kujazwa kifusi na kutandikwa reli. Msichana mwingine akaeleza habari za vichwa vya treni vya makaa ya mawe, ambavyo masizi yake yalichafua nguo zilizoanikwa mtaa mzima, mpaka vilipokuja vya dizeli. Kisha akaitwa Chiriku. Alisimama, akakohoa kidogo, akaamua kuuachia ulimi kazi.

"Zamani palikuwa na bwana mmoja wa kubadilisha njia," alianza. "Alivuta mkono wa chuma, treni ikaenda huku au kule. Siku moja alilewa chakari, akalala fofofo. Mabehewa yakaingia njia siyo, yakagonga ukuta, puu!" Akayumba kama mlevi. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka.

"Ijumaa wazazi watakuja kusikiliza kazi zenu. Hiyo utawasimulia," alisema.

Siku mbili baadaye shangazi alimtuma kwa fundi cherehani kuchukua sketi ya shule. Alimkuta fundi, mama wa makamo, ameacha kushona. Mwanawe wa darasa la nne alikuwa amejikunyata nyuma ya cherehani, macho mekundu.

"Hataki shule tena," fundi alisema. "Wanamwita mjukuu wa mlevi. Wanamfuata njia nzima wakiyumbayumba."

"Kwa nini, mama?" Chiriku aliuliza, ingawa alikwisha kulihisi jibu.

"Baba yangu ndiye aliyekuwa akibadilisha njia siku ukuta ule ulipobomoka. Mabehewa ya saruji yalikatika breki, yakateremka yenyewe kuelekea stesheni, na treni ya abiria imesimama pale, imejaa pomoni. Baba akayageuzia kwenye banda lililokuwa tupu. Ukuta ukaanguka, lakini hakufa mtu. Pombe hakuijua hata ladha. Sasa sijui nani katunga uzushi huu."

Hakuna aliyemshuku. Angeweza kuchukua sketi yake akaenda zake. Alimtazama yule mtoto, naye mtoto akageuzia uso ukutani.

"Ni mimi," Chiriku alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna, mama. Sikumuuliza mtu. Nilitunga tu. Nisamehe."

Fundi hakumkaripia. Aliikunja sketi polepole, akampa. "Ulisema mbele za watu, mwanangu. Kanusha mbele za watu."

Kesho yake Chiriku alimweleza mwalimu kila kitu. Ijumaa, darasa lilipojaa wazazi, fundi cherehani na mwanawe wakiwamo kwa mwaliko wa mwalimu, Chiriku alisimama.

"Habari niliyosema juu ya ukuta ilikuwa uongo," alisema. "Niliona uvivu kuuliza." Kisha akaisimulia ile ya kweli, bila kutia chumvi.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekaa nyuma aliinuka. "Mimi nilikuwamo kwenye treni ile," alisema. "Tulisikia kishindo, baadaye tukaendelea na safari. Mpaka leo sikujua kilikuwa nini."

Fundi cherehani alijifuta macho kwa kiganja. Mwanawe akamvuta mkono. "Mama, babu alivuta ule mkono wa chuma peke yake?"

"Peke yake," fundi alimjibu.

Mwalimu akasimama mbele ya darasa. "Na mimi nimekosea," alisema. "Nilicheka kabla ya kumuuliza Chiriku habari ile kaitoa wapi. Watu wa zamani hawawezi kuja hapa kujitetea. Ukitaka kuwasema, tafuta kwanza. Ukikosa, sema hujui. Kusema hujui hakumuumizi mtu."