Jicho la Eolo Lilitolewa Nyongeza

Milango ya treni ilijifunga.

Vidole vya Theresia viligusa koti la Bertrand, vikateleza. Treni ikaondoka kituo cha Jakobsberg, na yule bwana akampungia mkono dirishani kama mtu anayemuaga shangazi yake.

Mara ya tatu wiki hii!

Mkononi alibaki na mfuko wake tu. Mfuko wa duka la Ica, umechanika ubavuni, umejaa mawe ya kusugulia miguu.

"Kozi, hapa Mnara." Sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Nathaniel, ilikwaruza ndani ya hereni yake yenye redio.

"Kozi nasikia."

"Umemkamata?"

"Ameniponyoka. Mzigo ninao."

"Hakikisha. Polisi wameshafika kwa Vénantie. Sanduku lilikuja kwa jina lake. Bila jiwe lenyewe, anafungwa yeye."

Theresia akauma meno. Vénantie, mama wa Kirundi mkazi wa Vårby gård, aliuza mawe hayo kwenye soko la kanisa, ng'ambo ya kituo. Bertrand alijifanya mwema, akamwagizia mzigo kutoka Italia. Maskini hakujua kwamba ndani ya jiwe moja genge lake la kigeni limeficha Jicho la Eolo.

Kaskazini ya Sisili kuna visiwa vilivyozaliwa na moto. Volkano zake zilitema vitu viwili: jiwe jepesi lenye vitundu, linaloelea majini, na kioo cheusi, kizito, chenye makali. Kabla chuma hakijajulikana, watu walivuka bahari kukifuata kioo hicho wachonge visu. Wa kale walisimulia kwamba huko aliishi Eolo, mfalme aliyezifunga pepo ndani ya mfuko wa ngozi. Mabaharia wakaufungua kwa tamaa, dhoruba ikawarudisha walikotoka. Jicho lilichongwa kwa kioo hicho, likaibwa kaburini. Mnunuzi alikuwa tayari kulilipia kwa bunduki.

Jiwe lenye kioo ndani lazima lizame.

Theresia akaingia msalani mwa kituo, akaziba sinki, akafungulia maji. Akatia jiwe. Likaelea. Akatia la pili.

Yote yakaelea kama bata.

"Ee Mungu wangu, hata leo?"

Akayarudisha kwenye mfuko, akavuka barabara hadi ukumbi wa kanisa. Vénantie alikuwa amesimama kati ya polisi wawili, kitenge kimemlegea, machozi tele.

"Dada Theresia, weye waambie! Miye najua nini?"

"Mawe yote ulimuuzia Bertrand?"

"Yote. Ila lile la nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Mama Mwatumu alinunua mawili. Sasa nimwache aende hivihivi? Miye si mchoyo!"

Theresia alitamani kukaa chini alie. Miezi mizima ya kuvizia kwenye baridi, darubini ya kuona gizani, bastola ya Glock kiunoni, na jicho la mfalme limetolewa nyongeza!

"Yuko wapi huyo mama?"

"Jikoni."

Mwatumu, bibi wa Kitanga, alikuwa ameinamia ndoo. Alikuwa akiloweka mawe kwa ajili ya singo, kusuguliwa ngozi, ya mpwa wake anayeolewa.

"Njoo uone, mwanangu. Haya mawili yanaogelea. Hili limekaa chini kama mgonjwa. Nyongeza gani hii mbovu?"

Theresia akanyoosha mkono kwenye ndoo. Mlango wa nyuma ulifunguka.

Bertrand. Alishuka kituo cha pili, akarudi na bastola.

"Mfuko wangu."

"Kijana, hujui hata kubisha hodi?" Mwatumu akafoka.

"Nyamaza, bibi! Mfuko!"

Theresia akashusha pumzi, akausukuma mezani. "Chukua. Ila umechanika, utaukumbatia."

Mawe mawili yakadondoka. Bertrand akayatazama, akaitazama bastola. Tamaa ikamshinda. Akaichomeka kiunoni, akaubeba mfuko kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akatoka mbio.

"Mnara, waambie polisi wa ukumbini. Mlango wa nyuma. Mikono yake imejaa."

"Stanna! Simama!" ukasikika ukelele wa polisi huko nje. Kisha kishindo, na mawe yakitawanyika uani.

Theresia akalitoa jiwe ndooni, akaligonga kwa nyundo ya nyama. Ganda la gundi na vumbi likapasuka. Jicho jeusi likamtazama.

"La haula!" Mwatumu akashika kifua. "Na mimi nilitaka kumsugulia bi harusi!"

Polisi wakaomba radhi, wakamwachia Vénantie. Alipiga magoti palepale, akashukuru Mungu kwa Kirundi.

"Kozi, taarifa."

"Limepatikana, Mkuu. Lilitolewa nyongeza."

"Rudia?"

Theresia akaizima hereni. Alikuwa keshafika mlangoni Vénantie alipomkimbilia.

"Dada! Utaondoka mikono mitupu? Shika."

Jiwe. Theresia akalitazama kwa muda. Akarudi jikoni taratibu, akalitia ndooni.

Likaelea.

Akalichukua likichuruzika maji, akalitia mfukoni, akaondoka zake kuelekea kituoni, ambako kibao kilikuwa kinatangaza kwamba treni imechelewa.