Sauti Aliyoifuta Cornelius

Kelele ya kwanza ilikuwa ndogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Cornelius aliisikia kwenye spika za masikioni alipokuwa akikagua video ya asubuhi ile. Ilijificha chini ya mlio wa shiriri, ile fidla ya uzi mmoja iliyompa jina mitandaoni. Kuku walikuwa wamefungiwa, friji ameichomoa. Akamsingizia jirani, akabonyeza kitufe cha kuondoa kelele, akarudi kwenye chai yake.

Watu wa Shirere walijua alivyokuwa akirekodi. Mvua ya Kakamega hupiga mabati alasiri, kwa hiyo muziki ulikuwa wa asubuhi, na asubuhi nyumba nzima ilitakiwa inyamaze. Mkewe Nafula alikatazwa kuosha vyombo. Blanketi zilitundikwa madirishani na ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi, na baadhi zilitoka kitandani kwa Senje Risper, shangazi yake, aliyekuja kutoka Navakholo kutibiwa kifua. Na kwa kuwa kifua hicho kilikohoa bila kuomba ruhusa, Cornelius alimsihi mgonjwa akae jikoni, kibanda cha nje, mpaka amalize. Senje hakubisha. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemnunulia shiriri, na alitaka kijana wake asikike.

Asubuhi moja, Nafula akiwa sokoni, Senje akamwita. Cornelius alimsikia wazi, "Cornelius, njoo," kisha akasikia tena, kwa sauti ya mtu anayekosa pumzi. Alikuwa katikati ya kipande kilichomshinda tangu alfajiri, na safari hii kilikuwa kinakwenda. Akasema moyoni, nimalize tu. Alipomaliza akatoka, akamkuta Senje ameegemea mafiga, amekwisha.

Kwa waombolezaji alisema hakusikia kitu, masikio yalikuwa yamezibwa. Wakamwonea huruma. Baada ya mazishi akaifuta ile sauti kwenye video, akaipandisha mtandaoni, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Wageni wa mbali wakamsifu kwa usafi wa sauti. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu. Kufa hupanga Mungu, lakini kufuta alipanga yeye.

Kile kikohozi cha kwanza kwenye spika kilikuja baada ya hayo yote, na tangu hapo hakupata raha. Kila aliporekodi, chumba kilinuka moshi wa kuni mbichi na ile dawa ya kupaka kifua, na alipobonyeza kitufe chake, shiriri ndiyo iliyodidimia, mlio ukapungua na kupungua kama kitu kinachozamishwa, mpaka ikabaki pumzi peke yake, pumzi ya kukwaruza inayopanda na kukwama na kupanda tena, na nyuma ya pumzi jina lake, na akivua spika na kuziweka mezani jina liliendelea kuitwa palepale mezani, taratibu, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomtoa jasho.

Nafula alipokwenda sokoni, Cornelius alimwita mwalimu mmoja wa Mumias anayesifika kwa kuondoa majini. Mwalimu akatoa salamu, akafukiza ubani, akasoma, kisha akafunga kitabu.

"Huyu si jini," akasema kwa sauti ya chini. "Jini ningemfukuza. Huyu ni mtu wenu, na ulimnyima jibu. Waite watoto wake, useme mbele yao kwamba ulimsikia."

"Na nisiposema?"

"Ataendelea kuita. Na mtu akiitwa na yule ameenda, haitikangi. Ukiitika, umekubali kumfuata. Mwonye kila mtu wa nyumba hii."

Cornelius aliapa atawaita. Lakini wiki ilipita, akajiambia binamu zake wana kazi za miwa, akajiambia Jumamosi. Wala hakumwonya Nafula. Angeanzia wapi? Kumwambia asiitike ni kumwambia nani anaita, na kwa nini. Aliona haya, na haya ile aliipa jina la subira.

Siku moja mvua iliwahi. Adhuhuri haijafika, mabati yakaanza kunguruma, na Cornelius alikuwa akitungua blanketi dirishani aliposikia sauti ikitoka kibandani, safi kabisa, kana kwamba mvua yote imesogea kando kuipisha.

"Nafula, njoo."

Nafula alikuwa chumbani akikunja nguo. Cornelius alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, usiitike, fupi tu, lakini nyuma yake alikwisha kuliona swali la mkewe, kwa nini anaita, akasita kidogo tu. Kidogo hicho kilitosha. Nafula alikuwa mke aliyefunzwa adabu, aliyezoea kumwitikia mkubwa kabla hata ya kufikiri.

"Ee, Senje. Nakuja."

Akatoka chumbani, macho yametulia, akielekea mlangoni. Cornelius akamkimbilia, akamshika mkono, na yote yakamtoka kwa mkupuo: kwamba siku ile alimsikia, kwamba alimsikia zaidi ya mara moja, kwamba aliwadanganya watu wote makaburini, kwamba Nafula asitoke, tafadhali asitoke.

Nafula alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaubandua mkono wake polepole.

"Sasa mbona hukuenda?" akamwuliza, akaingia mvuani kuelekea kibandani.