Picha Inayoona Ndani ya Plasta

Kila asubuhi Mama Yasmina alipanga nyanya zake mbele ya nyumba, mtaani Bwiza. Binti yake Yasmina, mwenye mwaka na miezi miwili, alipita kati ya mafungu akijifunza kutembea. Kila hatua aliyumba upande wa kushoto.

"Angalia anavyoringa," alicheka bibi yake, Mwanne. "Kama bibi harusi."

Jirani yao Scholastique, muuguzi wa hospitali, hakucheka. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akamkunja magoti. Goti la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia.

"Huku si kuringa, Mama Yasmina. Kichwa cha mfupa wa paja kimetoka kwenye kikombe cha nyonga. Hakimuumi, ndiyo maana halii. Tukimwacha, atachechemea maisha yake yote."

Mwezi uleule daktari alimpa Yasmina dawa ya usingizi, akaurudisha mfupa mahali pake. Kisha akamfunga plasta ngumu kutoka kifuani hadi miguuni. Kesho yake akaagiza picha ya IRM.

"Ameshafungwa. Picha ya nini tena?" aliuliza Mama Yasmina.

"Mfupa unaweza kuchomoka hata wakati wa kufunga," alijibu Scholastique. "Na mifupa ya mtoto bado ni laini, eksirei haiioni vizuri. IRM inaona mpaka ndani ya plasta. Haina mionzi, inatumia sumaku kubwa. Kama mfupa umetoka, daktari ataurudisha mapema. Bila picha, tungekuja kujua plasta itakapofunguliwa tu, baada ya miezi."

"Watamlaza kwa dawa tena?"

"Apana. Mnyonyeshe ashibe, atalala mwenyewe."

Mlangoni mwa chumba cha mashine alisimama Landry, mpiga picha.

"Sumaku inavuta chuma," alisema. "Vueni hereni, bangili, pini. Mutoto ana kitu cha chuma?"

"Apana," alijibu Mama Yasmina.

Mwanne aliangalia sakafu. Landry akamgeukia. "Na wewe, bibi?"

"Mi nilimuwekea hirizi," alisema Mwanne polepole. "Asubuhi, mama yake alipoenda kunawa. Iko mugongoni, ndani ya plasta. Kikasha chake ni cha bati."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Mungenicheka."

Hakuna aliyecheka. Scholastique alipenyeza vidole viwili, akakivuta kikasha. Ngozi chini yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Umefanya vizuri kusema, bibi. Ndani ya plasta hatuweki kitu chochote, kinatoa kidonda. Dua haihitaji bati."

"Basi nitasoma hapa mlangoni," alisema Mwanne. "Landry, mashine yako haivuti Fatiha?"

"Hiyo haivuti, bibi."

Wakamziba Yasmina masikio, kwa sababu mashine hugonga kwa kelele. Aliendelea kulala. Baadaye daktari aliwaonyesha picha.

"Huu mviringo ni kichwa cha mfupa. Hiki ni kikombe. Mfupa umekaa ndani."

Mama Yasmina aliketi sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja.

Plasta ilifunguliwa baada ya miezi mitatu. Siku hizi Mwanne hawezi kupita nyumba yenye mtoto mchanga bila kuingia. "Musimfunge miguu ikanyooka, mfupa utachomoka," huwaambia. "Na mumupeleke wamupime nyonga kabla hajatembea."

Jana Yasmina alikataa kuoga, akakimbia. Mwanne alimfuata na sabuni mkononi mpaka kona ya mtaa, akasimama kuhema.

"Nenda," alisema. "We umenishinda."